Ndege ya bei rahisi haipendi masafa yetu

Kila pepo zikichafuka na watu wakatapishwa mkondo wa Nungwi, maneno ni yale yale: kwa nini Unguja na Pemba hatuletewi ndege ya bei rahisi, mtu akalipa nauli ya boti na akafika hajalowa? Naona tunaomba kitu bila kujua kinavyotengenezwa.

Southwest, shirika la ndege la bei rahisi la Texas, Marekani, lilianza kuruka Juni 1971 na Boeing 737 tatu, baina ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka wa pili lilikuwa na ndege nne na mfuko mtupu. Likauza moja, lakini safari halikupunguza. Ndege tatu zilipaswa kufanya kazi ya nne, ikawa amri kwamba ndege ikitua ishushe, ipakie na iondoke ndani ya dakika 10. Nauli ya chini ilitoka hapo, si kwenye huruma ya mtu. Ndege ni daladala tu: ikilala stendi haimlipi mwenyewe.

Stelios Haji-Ioannou naye alipoanzisha easyJet, shirika la namna hiyo hiyo, pale Luton, Uingereza, Novemba 1995, nauli ya Scotland ilikuwa pauni 29, na namba ya simu ya kukatia tiketi akaipaka ubavuni mwa ndege, kubwa, kila mtu aione. Wakala hana chake.

Kwetu likaja shirika la bei rahisi la Fastjet, Novemba 2012, na Airbus A319 kutoka Dar. Nauli ilianzia shilingi 32,000, kodi mbali. Ila tazama ilianzia wapi: Mwanza na Kilimanjaro. Unguja tulingoja. Walikuwa na akili zao. Anayekwenda Mwanza kwa basi anaumia mgongo kutwa na zaidi, huyo utampata. Wa Unguja ana boti ya saa mbili pale Malindi, na angani ni dakika 20 tu. Masafa mafupi namna hiyo, ndege kubwa inashinda chini kuliko juu. Mwisho wa 2018 shirika lenyewe likasimama na madeni yake, kwa hiyo hata hizo njia nzuri hazikuwa mteremko.

Pemba ndiyo zaidi. Njia ya kurukia pale Chake ni fupi, na ndege tuliyoizoea ni Caravan ya watu dazeni hivi. Gharama ya marubani na mafuta igawe kwa dazeni, utaona kwa nini nauli haishuki.

Na mizigo je? Mashirika haya hula kwenye begi. Mpemba gani anasafiri mikono mitupu? Mtu ana boksi limefungwa kamba, pakacha la maembe, na kifurushi cha halua alichopewa na jirani ampelekee mwanawe Darajani. Vikipimwa vyote, bei rahisi imekwisha pale pale kaunta.

Mimi ningeacha kulilia jeti. Ningelilia zile tozo za uwanjani, ambazo hazijali kama tiketi ni ghali au rahisi, anayetoka Chake kwenda Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, aondolewe. Huyo havuki nchi, na mara nyingi anakwenda hospitali Mnazi Mmoja. Hizo zimo mikononi mwetu wenyewe, hazingoji mwekezaji.