Kila dagaa na mfuko wake

Alfajiri pale Deep Sea, Tanga, dagaa hupimwa kwa ndoo. Sijamwona mchuuzi anayemfunga kila dagaa kwenye mfuko wake na kumbandika jina. Programu zetu za Python, lugha ya kuandikia programu, ndivyo zinavyoifanyia kila namba, na ukisema tupunguze mifuko unaitwa bahili: "Kaka, ongeza RAM (kumbukumbu ya mashine) yaishe."

Haya, tuipime mifuko yenyewe. Kwenye Python ya kawaida ya biti 64, namba moja ya desimali, tuseme kilo 1.5, inakula baiti 24. Nane zinahesabu ni wangapi wanaoitumia, nane zinaonyesha ni ya aina gani, na nane zilizobaki ndizo uzito wenyewe. Ukiiweka kwenye orodha, orodha nayo inadai baiti 8 za anwani ya mahali namba ilipo. Jumla 32, kwa mzigo wa 8! Vipimo milioni moja ni megabaiti 32. Kwenye safu ya moduli ya `array`, inayopanga namba tupu bila mifuko, ni 8 tu. Na hapo bado hujakifanya kila kipimo kuwa objekti, yaani furushi moja lenye uzito, boti, tarehe na aina ya samaki, kila moja na kamusi yake ya majina na thamani zake. Kwenye laptopu ya mtumba yenye GB 4, huku kivinjari kimefunguliwa, mashine inaganda kabla ripoti haijatoka.

Wanaotetea objekti wana hoja. `kipimo.uzito` inasomeka hata na mgeni, lakini safu kadhaa zinazokwenda sambamba, moja ya uzito, nyingine ya boti na kadhalika, zinataka nidhamu: ukifuta mstari kwenye safu ya uzito ukasahau ya boti, kilo zote zilizo chini yake zinahamia kwa nahodha mwingine. (Nenda kamweleze.) Tena safu peke yake haileti kasi, maana kila unapochomoa namba moja Python inaifungia mfuko mpya. Kasi huja pale NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inapojumlisha zote humohumo ndani.

Kwa boti mia mbili, acha objekti zako. Zikiwa nyingi zaidi ipo `__slots__`, iliyoingia na Python 2.2 mwaka 2001: mstari mmoja wa kutaja sehemu za objekti, kamusi ya kila objekti inaondoka, na `kipimo.uzito` inabaki vilevile. Ila ule mfuko wa baiti 24 unaofunika uzito haujaguswa, ndiyo maana vipimo vikifika milioni mimi narudi kwenye safu.