Chujio Lililokufa Bado Hutoa Maji

Jikoni kwa mama mkubwa wangu, wilayani Arumeru, kando ya barabara iendayo Momela, kuna ndoo mbili zilizobebana: ya juu imejaa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ya chini ina koki. Ni chujio la kuondoa floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Aliletewa na mradi mmoja wa utafiti ambao sitautaja. Vijana waliokuja walikuwa na adabu, walipima maji, wakajaza madodoso, wakapiga picha, na baada ya mwaka hivi mradi ukafikia ukomo wake. Huu ni mwaka wa tatu tangu waondoke na maji bado yanatiririka. Floraidi katika maji ya kunywa haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui, kwa hiyo chujio lililokufa, yaani ambalo mkaa wake umeshajaa na haunasi tena floraidi, hutoa maji yaleyale maangavu yaliyokuwa yakitoka siku ya kwanza.

Huikumbuka ndoo hiyo kila ninaposikia vyuo vikuu vikijinadi kwa utafiti tumizi, ule unaodaiwa kuunganisha uhandisi, biashara na sera kwa manufaa ya jamii. Sina ugomvi na dai lenyewe. Ninachokitilia shaka ni mahali tunapoamua kwamba utafiti umekamilika.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali vyanzo vingi vya kwetu huipita mara kadhaa, na maziwa ya Momela yana mamia ya miligramu. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya kufikisha takriban miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanajengeka, huota meno ya kahawia. Kiwango kikizidi sana, mifupa nayo huharibika na miguu hupinda. Sisi tuliokulia huko hatuhitaji kitambulisho, kwani ukicheka tu Dar es Salaam mtu anakuuliza kama wewe ni wa Arusha. Lile agizo jema la bwana afya la kuchemsha maji halitusaidii hapa: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani.

Kwa upande wa kemia, jambo hili limeeleweka siku nyingi. Floraidi huvutwa na mfupa, na ndiyo maana hutuharibu. Lakini kwa sababu hiyohiyo mfupa uliochomwa vizuri huinasa kutoka kwenye maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilishughulikia mbinu hiyo kwa miaka mingi, na kikaijaribu pia ile ya Nalgonda kutoka India, inayotumia shabu na chokaa. Huko Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki lilitengeneza mkaa wa mifupa kwa kushirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi. Inajulikana kwamba moto ukiwa mdogo maji yatanuka, na ukizidi mkaa hupoteza nguvu. Mwanafunzi wa uzamili anayepeleka leo pendekezo la kuthibitisha kwamba mkaa wa mifupa huondoa floraidi anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

Swali lililobaki linaonekana dogo: chujio hufa lini, jikoni, mikononi mwa mtu? Tufanye hesabu ya haraka. Tuseme kilo moja ya mkaa hunasa gramu 2 za floraidi, na ndoo ina kilo 10. Maji yakiwa na miligramu 8 kwa lita, nasi tukitaka 1.5, kila lita huacha miligramu 6.5 kwenye mkaa. Ndoo nzima basi itahudumia takriban lita 3,000. Familia inayochota lita 20 kwa siku itaumaliza uwezo huo kwa miezi mitano. Hiyo ni familia ya kwenye karatasi. Familia halisi hupokea watoto na wajukuu wakati wa Krismasi, matumizi yakaongezeka maradufu. Humwazimisha jirani ndoo. Na hutia magadi kwenye maharage yaive upesi, magadi ambayo nayo yana floraidi, jambo ambalo mhandisi wa maji anaweza kulipita bila kuliona kwa sababu halipiti kwenye bomba. Kulijibu swali hilo kunamhitaji mtu wa kemia, mtu wa takwimu na mtu anayejua kukaa jikoni na akina mama bila kuwaharakisha.

Hapo ndipo biashara inapoingia, na ndiyo maana ninamheshimu Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, ambaye chujio lake la nano, yaani la chembe ndogo mno, lilishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Magazeti yaliandika zaidi habari za nano. Mimi kilichonivutia ni vituo vya kuuzia maji yaliyochujwa kwa chujio hilo, kwa sababu kituo huhamisha kazi ya kutunza chujio kutoka jikoni mia moja kwenda kwa mtu mmoja ambaye mkate wake unategemea kazi hiyo. Hata hivyo, kwa floraidi, muuzaji naye haoni kitu, na kila wiki anayochelewa kubadili chujio inampunguzia gharama. Soko haliwezi kuadhibu kosa lisiloonekana, kwa hiyo lazima awepo mpimaji ambaye halipwi na muuzaji. Hiyo tayari ni sera.

Sera nayo ina historia yake. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Ninaelewa sababu: chini ya hapo maelfu ya watu wangeambiwa hawana maji. Lakini maji ya miligramu 6 yalipoitwa salama kwa maandishi, hapakuwa tena na mtu mwenye wajibu wa kuyasafisha, wala bajeti, wala mteja wa chujio. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. Ni hatua njema, ingawa chemchemi hazikusoma waraka huo.

Katika mwaka wa fedha 2022/2023 Serikali ilianza kutenga fedha za kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, shilingi milioni 50 kwa mtafiti. Siipingi tuzo hiyo. Ila najiuliza mhadhiri kijana atachagua nini kati ya makala kuhusu chembe mpya inayonasa floraidi maabara na miaka mitatu ya kuzungukia ndoo 200 akiandika siku kila moja ilipokufa. Wapo watakaosema mtafiti si fundi wa matengenezo. Ni kweli, lakini tarehe ya kufa kwa chujio ni data, tena ngumu kuipata kuliko ile ya maabara, na bila hiyo mfanyabiashara hawezi kupanga bei wala halmashauri haiwezi kupanga ratiba ya upimaji.

Desemba iliyopita nilichukua chupa mbili za maji kwa mama mkubwa, moja ya bomba na moja ya chujio, nikazipeleka kupimwa. Majibu yalitofautiana kwa desimali tu. Nilipomweleza hakulalamika. Alitoa mfuniko wa ndoo ya juu, akautazama ule mkaa, akaniuliza mpya unauzwa wapi na ni shilingi ngapi. Nimeshaulizia Usa River, na Tengeru siku ya gulio. Bado ninaulizia.