Umejitoa wapi, na namba yangu umeiacha humo?

Kuna jamaa yangu, mtu mzima mwenye akili zake, wiki hii katutangazia kwenye kundi kwamba amejitoa LinkedIn, ule mtandao wa kikazi. Amechoka, anasema. Amechoka na watu wanaopandishwa cheo kila Jumatatu "kwa unyenyekevu mkubwa", amechoka na ofa za kazi asizoomba, amechoka kuambiwa leo wamekuchungulia wangapi. Tukampongeza. Kesho yake nikaletewa taarifa kwamba nimpongeze kwa kutimiza mwaka mwingine kazini. Nikabofya: picha yake ya tai nyekundu, namba ya simu, chuo, kazi zote hadi ile aliyotimuliwa, vyote vipo palepale. Nilipompigia ndipo ikajulikana kujitoa kwenyewe kulikuwa nini. Aliishikilia ile alama ya programu kwenye skrini ya simu, ikatikisika, akaiburuta kwenye pipa la taka. Basi.

Nilikereka, na si kwa ajili yake peke yake. Wengi wanaoniambia wamehama mtandao fulani wamehama kwa staili hiyohiyo. Ndugu zangu, hapo umejifungia nje tu; vitu vyako vyote viko ndani, na mwenye nyumba anaendelea kuvionyesha kwa wapita njia.

Tukakaa naye tufanye kazi kama inavyotakiwa. Kikwazo cha kwanza kilikuwa barua pepe. Akaunti aliifungua kwa anwani ya ofisi aliyokwishaondoka zamani, na nywila kaisahau. Maana yake ujumbe wa kubadilisha nywila unakwenda kwenye sanduku la barua linalosimamiwa na watu waliomwonyesha mlango. Tukahangaika mpaka tukakuta simu yake ya zamani haijatoka kwenye akaunti, tukaweka anwani yake mwenyewe. Mengine yalikuwa madogo: ukiwa na huduma ya kulipia, isitishe kwanza; ukiwa mwenye kundi au ukurasa, mkabidhi mwingine; na ukiwa na tovuti unazoingilia kwa akaunti hiyohiyo, zibadilishie njia kabla hujajikuta unabisha hodi usikoweza kufunguliwa.

Kisha nikamwambia asifunge bado, aombe nakala ya data zake. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo yenye mambo. Faili zikaja, majedwali matupu. Jedwali la kila alichowahi kutafuta. Jedwali la mara zote alizoingia. Jedwali la makisio, ambamo mtandao umekaa ukamkisia umri wake na mwelekeo wake kazini, kama mposaji anayepeleleza ukoo. Alicheka.

Halafu tukafungua jedwali la majina yaliyopakiwa kutoka kwenye simu.

Mnajua watu tunavyohifadhi namba. Fundi Bomba Mpya. Mama Pacha. Dokta Meno. Usipokee. Usipokee 2. Shemeji Deni. Mistari kwa mistari, watu wazima wenye heshima zao, wamelala humo kwa majina ambayo wakiyaona urafiki utaisha. Na katikati yao nikajikuta mimi. Jina langu la utani la shuleni, lile ambalo wanangu hawalijui, mbele yake namba yangu, mbele yake barua pepe ninayoitumia kwa mambo ya benki tu. Barua pepe hiyo sijawahi kuipa mtandao wowote. Nimeilinda kama yai. Jamaa yangu aliitoa bure, siku ambayo programu ilimuuliza kama inaweza kuangalia majina yaliyo kwenye simu "ili kukusaidia kupata marafiki", naye akiwa na haraka akabofya Ruhusu.

Hapa ndipo ninapogombana na mazungumzo yote ya "linda data zako". Zako zipi? Kila ushauri unaanza na kuishia kwa mtu mmoja: nywila yako, picha yako, wasifu wako. Simu yako ina watu mia kadhaa ambao hawakukuruhusu lolote. Walikupa namba uwapigie. Daktari alikupa namba umweleze jino. Mjane wa rafiki yako alikupa namba umjulie hali. Wewe ukawakusanya wote ukawamwaga kwenye kompyuta za kampuni, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Hata asiye na akaunti popote, aliyejitunza maisha yake yote, tayari anajulikana jina, namba na marafiki, kwa sababu majirani zake wamemtaja. Na namba moja ikionekana kwenye simu za watu ishirini wasiofahamiana, mashine haihitaji kuambiwa kwamba hao ishirini wana jambo la pamoja.

Mkiona ninakuza mambo, mwaka 2016 iliripotiwa kisa cha daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani ambaye wagonjwa wake walianza kupendekezewa urafiki wao kwa wao na Facebook. Yeye hakuwa ameupa mtandao ule orodha yao. Dhana iliyotolewa ni kwamba wagonjwa walikuwa na namba yake kwenye simu zao. Hebu fikiria unaketi kwenye benchi la kusubiri kwa daktari umeinamisha kichwa usionwe, halafu jioni simu inakuuliza kama unamfahamu yule bwana aliyekaa kona.

LinkedIn yenyewe ilifikishwa mahakamani huko California kwa sababu ya majina kama hayo, yale yanayotoka kwenye barua pepe za watumiaji. Watumiaji walilalamika kwamba walipopakia majina, watu wao walitumiwa mwaliko kwa jina la mtumiaji, na wasipojibu wakatumiwa kikumbusho, na kisha kikumbusho kingine. Jaji alisema mwaliko wa kwanza mtumiaji aliuridhia. Vile vikumbusho vya baadaye ndivyo vyenye shaka. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi, bila kukiri kosa, kama kawaida ya kampuni. Angalieni waliolalamika ni akina nani: wenye akaunti. Wale waliokuwa wanabugudhiwa kwenye masanduku yao, ambao majina yao ndiyo yaliyopakiwa, hata si wao walioanzisha kesi.

Kwa hiyo kabla jamaa hajafunga chochote nilimlazimisha afute majina yale yote huko kwenye mipangilio. Alinung'unika kwamba si yanafutika yenyewe akifunga? Labda. Lakini mimi nilitaka kuyaona yanaondoka.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda. Unaenda kwenye mipangilio ya akaunti, unatafuta mahali pa kufunga. Jirani yake kuna pa "kulaza" akaunti kwa muda, nao watakusukuma huko kwa upole wote wa duniani. Ukilaza hujafuta kitu. Unaulizwa sababu ya kuondoka, chagua yoyote, hakuna atakayeisoma kwa machozi. Unaweka nywila, imekwisha. Kwa LinkedIn unapewa siku 14 za kubadili mawazo, na sera yao inasema kwa kawaida data za akaunti iliyofungwa zinafutwa ndani ya siku 30. Ujumbe uliowatumia watu unabaki kwao, na ulichoandika kwenye makundi kinabaki kikiwa hakina jina la mwandishi. Injini za kutafuta nazo zitaendelea kukuonyesha kwa muda mpaka zipite tena na kukuta hupo.

Na vilivyokwishatoka nje havirudi, hilo hakuna kitufe chake. Mwaka 2012 LinkedIn ilidukuliwa, zikaanikwa nywila kama milioni 6.5 zilizofichwa kwa njia dhaifu. Dunia ikadhani ndizo hizo tu. Mei 2016, miaka minne baadaye, zikatokea barua pepe na nywila milioni 117 zinauzwa, kutoka udukuzi uleule. Aliyekuwa amefunga akaunti yake mwaka 2013 alikuwa amelala usingizi mzuri wakati nywila yake iko sokoni. Mwezi uliofuata akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest ziliingiliwa, na waliofanya hivyo wakadai nywila waliiokota kwenye rundo hilo. Mwenye Facebook! Kama ungali unatumia nywila moja kila mahali, acha kusoma makala hii kwanza ukaibadilishe.

Mwaka 2021 ikaja nyingine: taarifa za watu wapatao milioni 700 zikatangazwa kuuzwa, na kampuni ikajibu kwamba hakuna aliyedukua, zimekombwa tu kwa roboti kutoka kwenye kurasa na vyanzo vingine. Asante sana kwa ufafanuzi. Tapeli anayejua cheo changu, bosi wangu na mwaka nilioajiriwa hajali kama alivunja dirisha au aliokota barazani. Wakati wa wizi mkubwa wa fedha za kidijitali wa mchezo wa Axie Infinity, Machi 2022, iliripotiwa kwamba mlango ulifunguliwa na mhandisi aliyepewa ofa ya kazi ya uongo kupitia LinkedIn, akapakua faili la PDF. Zilipotea zaidi ya dola milioni 500 za Marekani. Wasifu mzuri humsaidia na mwizi.

Najua mtakachosema: wewe una kazi, ndiyo maana unaongea. Haya. Waajiri wako humo, nimejaribu kulibishia hilo nimeshindwa, na anayetafuta kazi simshauri afunge kwa sababu ya hasira zangu. Abaki, lakini abaki mwembamba: aondoe namba ya simu, aondoe tarehe ya kuzaliwa, afiche orodha ya watu wake. Azime na ile ruhusa ya kutumia maandishi yake kufundishia akili mnemba, ambayo Septemba 2024 watumiaji wengi wa LinkedIn waliikuta imeshawashwa kwa niaba yao; ukiizima inazuia ya mbele tu, yaliyokwishafundishwa yamefundishwa. Oktoba mwaka huohuo mdhibiti wa data wa Ireland akaipiga LinkedIn faini ya yuro milioni 310 kwa jinsi ilivyokuwa ikichambua watumiaji kwa ajili ya matangazo. Faini hiyo, msije mkasubiri mgao.

Ila iwe unabaki au unaondoka, ninyi wote mlio na namba yangu nina ombi moja, na silitoi kwa utani. Ingieni kwenye mipangilio ya kila mtandao mlionao, tafuteni sehemu ya majina yaliyopakiwa, mfute yote. Mimi, fundi, daktari, Usipokee, wote. Mkimaliza mwende kwenye mipangilio ya simu yenyewe mkaiondolee programu ruhusa ya kuona majina, kwa sababu msipoizima hapo, majina yanaweza kupanda tena yote bila ninyi kuulizwa.