Nikipanda huo mti, ni nani atakata?

Majuzi nilipitia baraza ya chifu huku Shinyalu, Kakamega, nikapata akina mama wamekalishwa mbele, bena imefungwa kwa miti miwili imeandikwa mwanamke ndiye nguzo ya maendeleo endelevu, na miche imejaa chini, grevilia na avokado. Afisa wa mradi ameongea karibu saa nzima, mabadiliko ya tabianchi, malengo ya 2030, serikali inataka miti bilioni 15 kufika 2032 na jeshi la hiyo kazi ni akina mama. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja, mtu wa makamo, akasimama: "Mwanangu, nikipanda huo mti, ni nani atakata?"

Afisa akamwambia wawe na imani na mradi, halafu soda zikaanza kupitishwa.

Nimekasirika na bado nimekasirika, juu huyo mama ndiye aliuliza kitu cha maana siku hiyo yote na hakuna mtu alimjibu. Wale tumekulia huku tunajua. Zamani mwanamke wa Kiluhya hakuwa anapanda mti, unaambiwa ukipanda hutazaa ama bwana yako atakufa, na hiyo haikuwa ushirikina wa bure, mti ndio alama ya mwenye shamba, ukipanda umesema hapa ni pangu, kwa hivyo mwiko ulikuwa unalinda umiliki. Siku hizi mama anapanda, hakuna wa kumkataza. Lakini ni yeye anabeba maji kiangazi chote, anafukuza mbuzi, anapogoa, na miaka ikipita mzee anakuja na mtu wa pawa soo, ule msumeno wa mashine, siku mama ameenda soko, jioni anarudi anapata visiki. Akienda kulalamika anaulizwa swali moja tu, shamba ni la nani?

Miwa pia ni hivyo. Kupalilia ni mama na watoto, mkataba uko kwa jina la mzee, pesa inaingia akaunti ya mzee.

Na msiniambie sheria hakuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inasema ubaguzi wa kijinsia kwa mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Sheria ya urithi imekuwa ikitumika tangu 1981 na haisemi msichana aliyeolewa asipewe. Mahakama ya Rufaa pale Eldoret mwaka wa 2005 ilishasema mabinti wagawiwe sawa na vijana. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu kulea watoto na kulima kama mchango kwa hiyo mali. Halafu Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema ndoa peke yake haikupi nusu, lazima uonyeshe ulichochangia. Naelewa majaji walikuwa wanafikiria nini, sikatai, lakini mama ambaye amepalilia mahindi miaka 30 ataonyesha karatasi gani? Karatasi yake ni hiyo shamba yenyewe, na jina lake haliko.

Wanaume wakisoma hapa watasema hata wao hawana taito, ile hati ya shamba. Ni kweli, hiyo lazima nikubali. Boma nyingi huku shamba bado iko kwa jina la babu aliyekufa kitambo, hakuna aliyefanya sakseshen, ile kesi ya urithi ya kuhamisha shamba kwa warithi, kila mtu analima kipande alichoonyeshwa na kidole. Lakini angalieni ule mlolongo unapoanza. Unahitaji cheti cha kifo, halafu barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, ndio uende kortini, itangazwe kwa gazeti rasmi la serikali, ungoje siku 30, halafu bado uthibitisho, bado savea, bado ofisi ya ardhi. Kila kituo ni pesa. Na ni kwa ile barua ya chifu ndipo wanawake wanapotelea, juu vijana wa boma ndio wanaenda kutaja majina na dada zao walioolewa Bungoma ama Vihiga wanarukwa tu, hawapigiwi hata simu. Binamu yangu alifiwa na bwana na kabla wageni wa matanga hawajaisha mashemeji walikuwa wameng'oa mpaka. Ana watoto watatu. Sasa mwambie huyo apande avokado ya kuvuna baada ya miaka minne, apande akitumaini nini?

Chama za akina mama zinasaidia, tebo banking, ile ya kuchanga pesa na kukopeshana kwa kikao, imesomesha watoto wengi huku na siwezi kuidharau, lakini mkopo wa chama ni wa kununua kuku na mbolea. Benki ikikuuliza dhamana unarudi palepale kwa taito.

Na Nakuru 2022 walichagua mwanamke gavana na mwanamke seneta, nilifurahi sana, nitafurahi zaidi siku mjane wa Njoro hatang'olewa mpaka.

Wangari Maathai alipoanza Green Belt, lile vuguvugu la kupanda miti, mwaka wa 1977, mama alikuwa analipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika. Kidogo, lakini kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Sisi tumepewa hadi likizo ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, taifa zima likashika jembe, na hakuna aliyeuliza hiyo miti imesimama kwa shamba la nani.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Kabla ya mche na kabla ya semina, kaunti ilipe gharama za sakseshen kwa boma ambazo haziwezi, ilete wakili na savea hapohapo kwa baraza, mabinti wote wapigiwe simu wakiwa hapo, na taito ikitoka itoke na majina mawili, bwana na bibi. Sheria inaruhusu, ni pesa na nia ndio hakuna. Mkiitwa kwa kikao cha bajeti ya kaunti, nendeni, hata kama mnaenda na mtoto mgongoni, na waziri wa fedha akimaliza kusoma muulizeni pesa ya sakseshen iko ukurasa gani.