Ruzuku ya mbolea imetusaidia, lakini bei inapangwa na nani?

Kuanzia Agosti, mahindi yakishaingia ghalani, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini huanza kuulizana: mbolea msimu huu itauzwaje? Mkulima wa Mbozi au Songea anaweza kuahirisha kuezeka nyumba. Mahindi hayaahirishiki. Yasipopata mbolea ya kukuzia kwa wakati wake yanageuka njano, na hata ukiileta baadaye, mavuno yameshapungua. Anayekuuzia kitu usichoweza kukikosa wala kukisubiri ana nguvu juu yako, na nguvu hiyo huzidi pale wauzaji wanapokuwa wachache.

Tuliionja mwaka 2022. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulivuka shilingi 130,000, na Urea, ya kukuzia, ikavuka 120,000. Tarehe 8 Agosti, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku, na mbolea zote mbili zikashuka hadi 70,000. Nashukuru kwa hilo bila kuzungusha maneno. Bila ruzuku ile, wengi wangepanda mahindi bila chochote shimoni.

Lakini tuangalie fedha zilikoenda. Bei aliyolipa mkulima ilishuka. Bei ya muuzaji haikushuka. Tofauti ililipwa na Hazina, yaani na sisi wenyewe kupitia kodi, kwa kampuni zilezile. Ruzuku inaziba pengo. Haiulizi pengo limetoka wapi.

Tuliambiwa ni vita vya Ukraine, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Gesi ambayo Urea hutengenezwa kwayo ilipanda, na China ilikuwa imebana mauzo yake ya nje tangu mwaka 2021. Ila mwaka huohuo wa 2022, kampuni ya Nutrien ya Kanada ilipata faida ya dola bilioni 7.7, kutoka takribani bilioni 3.2 mwaka uliotangulia. Gharama peke yake hazielezi faida iliyozidi mara mbili. Mkulima alipokuwa akihesabu kama atamudu mfuko mmoja au nusu, kuna waliokuwa wakivuna kuliko wakati wowote.

Nutrien yenyewe ilizaliwa mwaka 2018 baada ya Agrium na PotashCorp kuungana. Potashi yake, madini yanayotumika kama mbolea, inapokwenda ng'ambo huuzwa kupitia Canpotex, chombo inachokimiliki pamoja na Mosaic ya Marekani. Washindani wawili, dirisha moja la mauzo. Urusi na Belarus nao walikuwa na mpango wa namna hiyo hadi Julai 2013, Uralkali ya Urusi ilipojitoa katika ushirika wake na Belaruskali ya Belarus. Bei ambayo China hununulia potashi kwa mkataba, iliyokuwa dola 400 kwa tani, ikaangukia 305 mwanzoni mwa 2014. Potashi ardhini haikuwa imeongezeka ghafla. Wauzaji walikuwa wameachana, basi.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2009 kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini ilikiri kushiriki katika upangaji wa bei za mbolea na ikakubali faini ya zaidi ya randi milioni 250. Wakulima walinung'unika, lakini ilihitajika Tume ya Ushindani yenye meno, inayofungua mafaili na kuita watu mmoja mmoja, ili mambo yatoke hadharani.

Sisi tunayo Tume ya Ushindani, FCC, na tunayo TFRA inayosimamia mbolea. Siwatuhumu waagizaji wetu kwa njama. Najua pia hoja yao: meli ya mbolea ni fedha nyingi na bandari ina gharama zake, hivyo si kila mfanyabiashara anaweza kuingia katika biashara hii. Nakubali. Lakini kama mazingira yenyewe yanawaacha wachache tu mlangoni, ndiyo sababu ya kuwamulika zaidi.

Mwaka 2017 tulijaribu njia yenye akili: uagizaji wa pamoja kwa zabuni, tukianza na DAP na Urea. Mwaka 2021, bei za dunia zilipopanda, utaratibu ule ukasitishwa na kampuni zikaruhusiwa kuingiza mzigo zenyewe. Naelewa hofu ya mwaka ule kwamba mbolea ingekosekana kabisa. Ninachodai ni kwamba utaratibu urudi, na safari hii wakulima wawemo ndani yake. Mnunuzi mdogo hana sauti mbele ya muuzaji mkubwa mpaka ajumuike na wenzake. Wakulima wa korosho Mtwara wanalijua hili: wanakusanya mzigo ghalani na wanunuzi wanashindana mnadani. Kwa nini nguvu hiyo tuitumie tunapouza tu, halafu kwenye kununua pembejeo kila mtu aende dukani peke yake na fedha zake mkononi? AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, za kahawa, tumbaku na mahindi zikijumlisha mahitaji yao, hiyo ni tenda ambayo muuzaji hawezi kuidharau.

Viwanda vya ndani navyo visaidiwe. Kile cha Tanga kilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na hatujakipata mbadala wa ukubwa unaotosha. Tuna fosfeti, mwamba wa kutengenezea mbolea, ya Minjingu kule Manyara, tuna kiwanda cha Nala, Dodoma, kilichowekezwa na Warundi. Vyote nivitakie heri, lakini kiwanda cha ndani kisipokuwa na mshindani kinaweza kutubana kama wa nje.

Kabla fedha za ruzuku ya msimu ujao hazijatoka, wabunge wa Ruvuma, Songwe, Mbeya, Njombe, Iringa na Rukwa wadai mchanganuo wa bei mezani: tani moja ilinunuliwa kwa kiasi gani ng'ambo, meli ilichukua ngapi, bandari ngapi, lori hadi Mbinga ngapi, mwagizaji alibaki na nini na wakala wa kijijini alibaki na nini. Orodha ya kampuni zilizolipwa ruzuku, na kiasi cha kila moja, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji palepale tunapokwenda kujiandikisha kwa ajili ya ruzuku.