Boo Radley, Tom Robinson na uvumi unaotoa hukumu

Wasomaji wengi wa To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee iliyochapishwa Marekani mwaka 1960, huwaweka Tom Robinson na Boo Radley katika kapu moja: watu wawili wasio na hatia ambao mji mdogo wa Maycomb uliwahukumu kwa chuki na dhana. Sisi walimu wachache wa fasihi hapa Tabora tumetofautiana juu ya ulinganisho huo, na wanaoupinga wanasema kwamba unamdhulumu Tom kwa mara ya pili.

Hoja yao ina uzito. Boo ni Mzungu aliyefungiwa ndani na familia yake, na watoto wa mtaa wake wanazusha kwamba hula kindi wabichi na paka. Tom ni kibarua mweusi anayeshtakiwa kumbaka Mayella Ewell. Michubuko ya Mayella ilikuwa upande wa kulia wa uso, dalili kwamba aliyempiga alitumia zaidi mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulilemaa tangu utotoni baada ya kunaswa na mashine ya kuchambua pamba, ajali ambayo msomaji wa Igunga au Nzega hahitaji kuelezwa. Baba wa Mayella, Bob Ewell, anapotakiwa kuandika jina lake mbele ya mahakama, anashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Pamoja na hayo yote juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, inamtia Tom hatiani, na nadhani kilichommaliza zaidi ni neno lake la kweli kabisa, kwamba alimwonea huruma Mayella. Mtu mweusi kumhurumia mwanamke wa Kizungu lilikuwa kosa lisilosameheka. Baadaye anauawa kwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani. Boo naye, alipomuua Ewell ili kuwaokoa Scout, msichana anayesimulia riwaya, na kaka yake, alisitiriwa na mkuu wa polisi aliyeshikilia kwamba Ewell aliangukia kisu chake mwenyewe. Sheria iliyokataa kusogea mbele ya ushahidi wa Tom ilijikunja yenyewe kwa ajili ya Boo, na tofauti hiyo ni ya rangi. Hapo sina la kupinga.

Hata hivyo siwezi kuuita uvumi juu ya Boo mchezo wa watoto, kwa sababu naishi katika mkoa ambao vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, wekundu unaotokana na miaka mingi ya kupikia kuni katika jiko lililojaa moshi. Mtoto anaugua, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na jina la bibi fulani linatajwa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamfanya mkosaji yule anayemwita mwenzake mchawi, na viongozi wetu hukemea ramli chonganishi kila mara, lakini kijijini bado tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na tunalitumia neno hilo kana kwamba ni ushahidi. Kwa bibi huyo, kisa cha Boo ndicho mwanzo wa kisa cha Tom.

Kwa nini basi uvumi mmoja uliishia kwenye hadithi za kutishana na mwingine ukaua? Jibu langu ni kwamba hakuna aliyenufaika kwa kumzushia Boo. Kumsingizia Tom kulificha kipigo cha Ewell kwa binti yake, na kuliwahakikishia wanaume wa juri kwamba nafasi yao juu ya watu weusi haijaguswa. Huku kwetu pia, nyuma ya ramli mara nyingi pana shamba la mjane ambalo mtu analitaka. Ulinganisho wa wale wawili una faida iwapo msomaji ataambatanisha swali hilo la nani ananufaika. Bila hilo unafunika mengi.

Lipo jambo moja ambalo wenzangu wamelisema na sijapata la kulijibu. Mwishoni Scout anasimama kwenye baraza ya kina Radley na kuutazama mtaa kama Boo alivyoutazama kwa miaka yote. Kwa Helen, mjane wa Tom, siku alipopelekewa habari za kifo cha mumewe, Scout hakufika; alisimuliwa na rafiki yake Dill.