MS bado anaimba Chennai kila alfajiri, Siti wetu tumemwachia vitabu

Wabongo wengi wakisikia Chennai, mji wa kusini mwa India, wanawaza vitu viwili, hospitali na chuo. Mgonjwa wa moyo kapelekwa Chennai, mtoto wa fulani anasoma Chennai, basi. Mi nilikuja kwa hilo la pili nikapata kazi nikabaki, na kitu ambacho hakuna aliyenidokeza kabla sijapanda ndege ni kwamba huu mji una wazimu wa muziki, na katikati ya wazimu wenyewe kuna mwanamke mmoja, mwimbaji M.S. Subbulakshmi. Wenyewe wanamwita MS tu na hakuna anayeuliza MS yupi. Alifariki Desemba 2004 lakini ukikaa huku utabisha, maana kabla jua halijatoka hekalu limemfungulia, muuza chai wa kona kamfungulia, jirani yangu wa chini ndo usiseme, na wote wanapiga kitu kilekile, Suprabhatam, utenzi wa Kisanskriti wa kumwamsha mungu wao Venkateswara wa kule Tirupati. Santuri yake aliirekodi kampuni ya HMV mwaka 1963. Hesabuni wenyewe hiyo ni miaka mingapi watu wanaamka na sauti moja.

Sasa mi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nyumbani kwetu taarab ilikuwa inapigwa mpaka majirani wanagonga ukuta, kwahiyo kila nikimsikia MS nafsi inanisuta kuhusu Siti binti Saad. Msiniambie nalinganisha mbingu na ardhi, hawa wanawake wana mengi yanafanana kuliko mnavyodhani. Siti kazaliwa Fumba, kwao masikini wa kutupwa, wazazi asili yao utumwani, na yeye mwenyewe jina la kwanza alipewa Mtumwa, kauza vyungu anatembea kwa miguu hadi mjini, akaishia kuimba mbele ya masultani. 1928 wakampandisha meli hadi Bombay kurekodi, na waliomrekodi ni hao hao HMV, lebo ile yenye mbwa anasikiliza gramafoni. MS naye kazaliwa Madurai 1916, mama yake Shanmukhavadivu alikuwa mpiga vina, ala ya nyuzi ya huku, bibi yake alipiga fidla, na ukoo wao ni wa devadasi, wale wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, wao ndo walioubeba muziki na ngoma ya kusini kwa karne na karne halafu jamii ikaja kuwageuka ikawaita majina mabaya. Watu wa huku wengi herufi ya mbele ya jina wanaweka ya baba. Yeye M ni Madurai, S ni mama yake.

Tofauti inaanzia hapa. Nenda Chennai Desemba, wanaita msimu wa Margazhi, mji mzima unakuwa matamasha, ukumbi huu umetoka ule unaanza, na wakubwa wao ni Music Academy. Mara ya kwanza nilikaa pembeni ya mzee mmoja kavaa shuka jeupe, mwimbaji alivyoanza tu mkono wa mzee ukaanza kazi pajani, anahesabu mapigo, kofi moja, kidole kidogo, cha pete, cha kati, halafu kofi anageuza kiganja, kofi anageuza kiganja, jumla nane, anarudi mwanzo, na hivyo hivyo masaa mawili na nusu hajakosea hata sehemu moja. Nikaangalia ukumbi, mapaja yote yanapigwa. Dada mmoja wa kama miaka kumi mbele yangu naye anapiga. Hakuna anayeinuka, kwetu mstari ukikugusa unanyanyuka na noti unakwenda kutunza, unajipitisha taratibu ili na fulani akuone, huku ukiinuka hivyo watakushangaa. Kelele zote wanaziweka kantini, huko nje watu wanakula dosa na kahawa ya maziwa huku wanagombana raga, yaani ule mpangilio wa noti za wimbo, ilikaa sawa au haikukaa, na kwakweli kuna wanaokuja kwa ajili ya kantini tu, sitaki kuwasema sana maana na mimi nimo.

Hawa watu wanamsikiliza marehemu wao kwa masikio. Sisi Siti tunamjua kwa mtihani. Shaaban Robert kamwandikia wasifu, tumeusoma, tumejibu maswali, TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walikuwa na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, jina zuri kabisa, ila mkamate kijana yeyote hapo Darajani mwambie akuimbie beti mbili za Siti uone. Sauti yenyewe iko wapi? Santuri zimebaki kwa wakusanyaji na maktaba za Ulaya, ukitaka kumsikia unaingia mtandaoni unakuta zinakwaruza. Najua mtaniambia za 1928 lazima zikwaruze, MS karekodi mpaka enzi za kaseti. Sawa. Bi Kidude je? Yule amefariki 2013, amerekodiwa vizuri tu, niambieni redio gani inampiga asubuhi kila siku ya Mungu.

Ila sasa msije mkadhani nawasifia tu Wahindi, maana kuna kitu wamekifanya kwa MS ambacho sisi kwa Siti hatujakifanya na namshukuru Mungu. Wamemsafisha. 1940 aliolewa na Sadasivam, Brahmin, mtu wa tabaka la juu, mwandishi wa habari na mpigania uhuru, na yule bwana ndo akashika usukani, nini kiimbwe, kianze kipi kiishie kipi. 1941 MS kaigiza kwenye filamu ya Savitri, tena kaigiza nafasi ya mwanaume, Narada, ili ipatikane pesa ya kuanzisha gazeti la mumewe, Kalki. Ikaja filamu ya Meera, ya Kitamil 1945, ya Kihindi 1947, ikampeleka India nzima, na hapo akaachana kabisa na sinema. Kuanzia hapo unayemwona ni yule wa kwenye kalenda, sari ya hariri, maua kichwani, almasi puani, mke mcha mungu. 1966 kaimba Umoja wa Mataifa kule New York, 1968 Music Academy wakampa Sangita Kalanidhi, heshima yao kubwa, mwanamke wa kwanza, na taasisi yenyewe ipo tangu 1928, mwaka uleule Siti anapanda meli. 1998 akapewa Bharat Ratna, tuzo kubwa kuliko zote India, hajawahi kupewa mwanamuziki kabla yake. Yote kastahili. Lakini muulize mama wa kawaida wa hapa jengoni kwetu kuhusu mama yake MS, utaletewa kahawa nyingine.

2024 ndo nikaona moto wenyewe. Music Academy wakamteua mwimbaji T.M. Krishna kwa heshima hiyohiyo ya Sangita Kalanidhi, iliyokuwa inaambatana na tuzo ya gazeti la The Hindu yenye jina la MS, na huyu Krishna amewahi kuandika waziwazi kuhusu asili ya MS na jinsi alivyobadilishwa, basi mjukuu wa MS akaenda mahakamani kuzuia tuzo yenye jina la bibi yake isiende kwa mtu huyo. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu Delhi. Kwenye kesi hiyo ndo likatajwa jambo la wosia, kwamba bibi mwenyewe alishaandika 1997 hataki sanamu wala taasisi kwa jina lake. Na Tirupati sanamu yake ipo, kubwa tu.

Kwetu kumsema Siti katoka wapi hakumkeri mtu. Waliomcheka kwa kaniki zake waliimba hadharani, na yeye akawajibu hadharani kwa wimbo, leo majibizano yale ndo tunayoyasimulia kwa fahari. Hilo la kwetu msiliguse, msije mkaanza kumtafutia Siti ukoo wa kifahari ili apendeze kwenye mabango ya utalii.

Ila la kusikiliza tuwaige, na halihitaji serikali. Matamasha mengi ya asubuhi na mchana huku Desemba ni bure, unaingia na ndala zako unakaa, wanaoimba saa hizo ni watoto na vijana ambao hakuna anayewajua, na wazee wanakuja wanawapigia mapaja vilevile. Unguja vijana wanaojifunza udi, kanuni na fidla tunao, Mji Mkongwe kuna chuo kizima cha muziki. Wanapiga hotelini, usiku, wageni wanakula pweza. Wapewe asubuhi moja ya Jumapili Ng'ambo, ukumbi wowote wa skuli, wapige Siti mwanzo mwisho, kiingilio bure, vitumbua nje kwa pesa yako.